Zawadi Hazilali kwa Madam

Ukitaka kumpa Madam zawadi, mpe, lakini usitarajie kuiona kwake ukirudi. Mimi nilimpelekea mwavuli wakati wa masika, mwavuli mzuri mweusi wa kufunguka wenyewe ukibonyeza, na kabla wiki haijaisha nikakutana nao barabarani, juu ya kichwa cha mama mmoja anayeuza vitumbua sokoni. Nikamsimamisha, nikamuuliza kaupata wapi. Akanijibu kwa furaha kabisa, "Kanipa Madam. Kasema kaletewa na mwalimu, ila yeye mvua ikinyesha anakaa ndani." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumkasirikia Madam ni kujichosha bure.

Alikuwa mwalimu mkuu wetu hapa Nyanungu, akastaafu, na mpaka leo kata nzima inamwita Madam, hata wale ambao hawakukanyaga darasa lake. Mimi alinifundisha. Baadaye nikawa mwalimu, nikapangiwa Ringwani, upande wa Serengeti, nikawa narudi nyumbani kila shule zinapofungwa. Kati ya kwetu na kwake lipo shamba moja la mihogo. Namjua kama mwanafunzi wake, kama jirani yake, na, kama nitakavyoeleza, kama mpagazi wake.

Namwandika kwa sababu watu wengi wanamjua kwa kisa kimoja tu, kile cha nyumba, na wanakisimulia vibaya. Wanasema alichezea mali ya mwanawe. Huyo mwana ndiye mtoto pekee aliyebaki naye hapa duniani, na ni kweli ilifika mahali nikaona anampoteza. Hilo silikatai. Lakini anayetaka kuielewa ile nyumba aanze na saa za ukutani.

Siku ya kumuaga kazini, kila aliyesoma kwake na kubahatika kupata mshahara alileta kitu, na sijui nani aliwaambia kwamba mtu akistaafu anahitaji kujua saa. Saa zilikuja za duara, za pembe nne, zenye picha ya simba, zenye ndege anayelia. Juu yake zikaja chupa za chai, seti za vikombe, maua ya plastiki na picha kubwa ya maporomoko ya maji ya nchi za watu. Madam alishukuru mmoja mmoja kwa jina. Kesho yake asubuhi alianza kugawa. Saa zikaenda madarasani, moja zahanati, moja kanisani. Ile ya ndege anayelia aliipeleka kilabuni, yeye ambaye pombe hajaionja na ambaye Jumapili anakaa benchi la mbele. Mchungaji alipomuuliza, alimjibu kwa uso mkavu, "Na wale nao wana wake wanaowasubiri. Wajue saa ya kwenda nyumbani."

Wengine wanaohamisha zawadi hufanya kwa siri. Wanabadilisha karatasi, wanaficha, wanaomba Mungu aliyeleta asikutane na aliyepelekewa. Madam hajui siri. Alikuwa akipokea kitu kwa mikono miwili, anakigeuza, anakitazama pande zote, halafu anakwambia hapohapo, "Ahsante sana, mwanangu. Hii itamfaa mjane wa pale darajani." Wageni walikuwa wanashtuka. Sisi tuliozoea tulikuwa tunamwekea masharti mapema. Dada yangu alimpelekea kitenge akasema, "Madam, hiki ukikipeleka popote, kisivuke mto, huko ng'ambo wanawake wenzangu watanicheka." Madam akacheka mpaka akashika mbavu. Kitenge hakikuvuka mto. Kiliishia kwa mama mkwe wa dada yangu mwenyewe, ambaye alikuja nacho kwenye ubatizo.

Nilipopangiwa Ringwani ndipo uhusiano wetu ukaharibika, maana aligundua kwamba nina pikipiki. Alikuwa na ndugu wa marehemu mumewe huko, na huyo ndugu ana majirani, na hao majirani hawakosi shida. Basi kila likizo ikiisha, mzigo wangu ulikuwa unanisubiri kibarazani kwake umefungwa kwa kamba za katani. Nimebeba mashuka. Nimebeba hotpoti. Ile picha ya maporomoko niliifunga nyuma ya pikipiki, na njiani kwenda Mugumu trafiki mmoja alinisimamisha akaizunguka kwa utulivu. "Mwalimu, unahama?" Nikamwambia ni zawadi. "Ya nani?" Kusema kweli sikujua tena ilikuwa zawadi ya nani.

Na Ringwani hawakubali mtu arudi mikono mitupu. Nikishusha shuka, napakizwa kuku wawili wamefungwa miguu. Nikishusha vikombe, napewa debe la ulezi. Narudi Nyanungu nikiwa na mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao, nampelekea Madam, naye anawatazama kuku, anawatazama tena, anasema, "Hawa wanawafaa wale waliofiwa juzi." Siku moja nilichoka nikamwambia, "Madam, mimi nimesomea ualimu, sikusomea uchukuzi." Akaniambia, "Ndiyo maana hulipwi."

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kutoa tu, mwenye mkono mlaini. Nenda kamuazime jembe uone. Blanketi jipya, bado lina harufu ya duka, atakupa bila kukuuliza jina la baba yako. Jembe lake la zamani hakuazimi hata ukilia. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Nikikupa, nimekusahau. Nikikuazima, nalala na wewe kichwani." Sifa pia alizibana. Nilipofaulu kwenda sekondari, wa kwanza kwenye ukoo wetu, alinitazama akasema, "Sawa. Mwandiko bado." Nilijisikia vibaya siku ile, na mpaka sasa nikiandika ubaoni mkono wangu unamkumbuka.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hana kitu anachokipenda. Nyumba yake ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma na bati lililoota kutu, sebule na chumba kimoja cha kulala, jiko nje. Ndani ni peupe. Lakini ukikaa humo mara nyingi unaanza kuona vilivyobaki. Kuna kigoda kinachoyumba, kilichochongwa na mwanafunzi aliyefeli kila somo. Kuna sweta la kufuma ambalo mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Kuna kibuyu cha maziwa cha mama mmoja wa Ringwani ambaye alikuja siku moja kumshukuru kwa mashuka, akalala, akaondoka kesho yake jioni. Nilivihesabu hivyo vitu kichwani nikaona vina jambo moja. Vyote vililetwa na wenyewe, kwa miguu yao, na wenyewe wakakaa. Vile vilivyokuja na bodaboda, na konda wa basi, na mtu anayepita, vyote vilikwishaondoka. Sikumwambia kwamba nimeona. Si mtu wa kuambiwa amegunduliwa.

Sasa mwanawe. Ni rafiki yangu, tumechunga ng'ombe pamoja, nisimseme vibaya. Anafanya kazi Sirari, wakala wa kutoa mizigo mpakani, na mpaka umemkalia vizuri, hata Kiswahili chake kimevuka kwenda Isebania, upande wa Kenya, na kurudi. Kila mwezi alikuwa anamtumia mama yake kitu: soda, sukari, redio, blanketi. Kilikuja na dereva. Yeye mwenyewe hakuja, kazi nyingi, malori hayasubiri. Vitu vikawa vinapita kwa Madam kama kawaida, na habari zikawa zinamfikia kwamba redio yake inaimba kwa watu.

Akaamua kuleta kitu ambacho hakiwezi kubebwa.

Alimwajiri fundi na kumtumia fedha kwa simu, na ndani ya kiwanja cha mama yake, hatua chache kutoka nyumba ya zamani, ikasimama nyumba ya bati la rangi, madirisha ya vioo, vigae sakafuni, choo ndani na tanki la maji juu. Siku ya kuikabidhi alifika na magari ya marafiki zake. Mbuzi wakachinjwa, nyama ikachomwa, kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, kikanywewa, mchungaji akaomba, utepe ukakatwa. Madam alikuwa amekuja na sufuria yake na kuni chache kwapani, maana kwetu mwanamke akiingia nyumba mpya anapika humo kitu, hata uji, ndipo nyumba imjue. Mwanawe akazichukua zile kuni kwa upole, akacheka mbele ya wenzake. "Hapana, Mama. Hapa ni gesi. Moshi utaniharibia ukuta." Madam akaziweka chini. Jua halijapoa, magari yakaondoka.

Hakulala humo hata usiku mmoja. Watu walipomuuliza alisema vigae vinateleza. Mimi aliniambia ukweli tukiwa wawili: "Nyumba kubwa, mtu mmoja. Nikikohoa inanijibu."

Wakati huo zahanati yetu ilikuwa imepata nesi, binti wa mbali, ana mtoto mchanga. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la pombe, mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Waliomtangulia wote waliondoka, na kila alipoondoka mmoja, wanawake wetu walirudi kujifungulia njiani kwenda Tarime. Huyu naye alishaanza kufunga mizigo. Madam akaenda kwake na funguo. Nilikuwepo, kwa sababu nilitakiwa kubeba kitanda. "Kaa humo," alimwambia. "Mpaka utakapochoka wewe, si nyumba." Yule binti alilia, na mimi nilitazama pembeni kwa sababu nilikuwa najua nini kinakuja.

Kilikuja kwa simu. Mtu alizipiga picha nepi za mtoto zikiwa zimeanikwa mbele ya madirisha ya vioo, akaituma Sirari. Madam husikiliza simu kwa sauti kubwa, ameishika mbali na sikio, hivyo nilisikia yote.

"Mama, ni ukweli umepeana nyumba?"

"Nimempa nesi akae."

"Ati nesi? Mimi nilijengea nesi?"

"Ulimjengea mama yako. Mama yako hakuwa na kazi nayo."

"Si ungeniambia tu!"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulipokuja, chai haikupoa ukaondoka."

Nikasikia honi za malori kule kwake. Kisha akasema polepole, "Sawa. Basi huyo nesi akuwe mtoto wako." Akakata. Madam aliishika ile simu muda, akaiweka juu ya meza, akaendelea kuchambua mboga. Majani mazuri na yaliyooza aliyatia sufuria moja. Nilimwonea huruma, na palepale nilimkasirikia pia, kwa sababu kuna zawadi ambazo mtu anazimeza tu kwa ajili ya aliyezileta, na mtu mwenye akili zote zile alipaswa kujua hivyo.

Rafiki yangu alileta shauri kwenye kikao cha ukoo. Alitaka wazee waamue nyumba irudi mikononi mwake, nesi atoke. Alijua atashinda, na angeshinda, kama si zile kuni. Baba yake mkubwa, mzee wa maneno machache, ndiye aliyeuliza.

"Mura, kijana wangu, siku tuliyokula mbuzi, nani aliwasha moto jikoni?"

"Baba, hakuna moto pale. Ni gesi."

"Hiyo gesi nani aliiwasha?"

Hakuna aliyeiwasha. Nyama ilichomwa nje na vijana wa kukodi. Mama alikuja na kuni akanyang'anywa mbele ya watu, na wazee wote waliona. Moto wa kwanza jikoni mle uliwashwa na nesi, jiko la mkaa, akimchemshia mtoto maji. "Basi mama yako hajawahi kuwa na nyumba ile," mzee alisema. "Aliyewasha yupo ndani, na ana mtoto mgongoni. Sisi hatumtoi." Angemwachia mama yake achemshe sufuria moja ya uji siku ile, nyumba ingehesabiwa ya mama na mwanawe, na hakuna mzee ambaye angemkatalia. Rafiki yangu aliinuka, akapanda gari, hakumuaga mtu. Madam alikuwa amekaa upande wa wanawake. Hakushangilia. Alikuwa anatazama vumbi la gari mpaka likatulia.

Krismasi ikapita bila mwanawe kuja. Ikaja nyingine, ikapita. Vitu pia vilikoma, hakuna sukari, hakuna dereva. Kijijini walisema Madam hajali, kwa sababu alikuwa anatembea kichwa juu kama siku zote na kugawa vya watu wengine kama siku zote. Mimi nilikuwa nakula kwake sikukuu, na nilikuwa naona ugali anaousonga si wa watu wawili. Sehemu moja ilibaki imefunikwa mpaka jioni.

Halafu likizo moja nikaenda kumsalimu, nikakuta kibaraza hakina mzigo. "Shikamoo, Madam." "Marahaba. Kesho nenda Sirari." Nikamuuliza nibebe nini. Akasema, "Usibebe kitu. Mwambie mama yake amesonga ugali, aje ale."

Nimebeba mengi ya Madam, lakini sijawahi kusafiri na mzigo mzito kama ule wa mikono mitupu. Nilimkuta rafiki yangu kwenye ofisi yake ya kontena, katikati ya madereva na wabadilisha fedha, karatasi mkononi. Alinitazama mikono kwanza. "Umeleta nini?" Nikamwambia sikuleta kitu, nikampa maneno kama nilivyopewa. Akacheka vibaya. "Nije nikule, halafu nilale wapi? Kwa nesi?" Nikamjibu kwamba hilo sikutumwa. Akaitwa na dereva, akaenda, hakurudi kuniaga. Nilirudi nikamwambia Madam kwamba ujumbe umefika. Hakuniuliza amesemaje. Niliondoka kwenda Ringwani nikiamini kwamba imekwisha, na iliniuma, nasema wazi, kwa wote wawili.

Likizo iliyofuata niliingia kiwanjani kwa Madam asubuhi, nikaona gari lenye vumbi la njia yote. Ndani ya nyumba ya zamani, mkekani, rafiki yangu alikuwa amekaa na mama yake, wanakula kiporo cha ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi mbaya na mgongo aliushika kama mzee. Alilala sebuleni, chini. Blanketi alikuwa nalo, na lilikuwa lile alilolinunua yeye mwenyewe zamani. Madam alilazimika kwenda kuliazima kwa nesi usiku. Nilicheka mpaka nikaketi. Yeye alinitazama kwa hasira kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia.

"Umekuja lini?" nilimuuliza.

"Juzi."

"Unaondoka lini?"

Alikuwa anatazama kuta, bati, pembe ile ambapo mkeka ulikunjwa. Alimega tonge, akalishika bila kulila.

"Mama," alisema, "nikuongezee chumba hapa ubavuni."

Madam hakuinua macho. "Chumba cha nani?"

Nilishika kikombe changu nikamwombea rafiki yangu asikosee, maana nilijua neno moja tu lingetosha kupeleka chumba hicho kwa mjane wa darajani.

"Changu," alisema. "Cha kulala nikija."

Miaka yote ile nilimsikia Madam akishukuru, akikataa, akipeleka huku na kule, lakini sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akajifuta kwa kiganja.

"Dirisha liangalie jikoni," alisema. "Nikiwa nawasha moto, nikuone umeamka."

Akainuka, akatoka peku, akaanza kupima ardhi kwa hatua zake pale ubavuni mwa nyumba, na mwanawe akamfuata kabla hajanawa mikono.